Kutafuta Bia Adimu Ukiwa Mwanza: Niliyojifunza katika Kununua na Kubadilishana

Mpenzi wa bia za krafti, yaani zile zinazotengenezwa na viwanda vidogo kwa kiasi kidogo, akiwa anaishi Mwanza huwa mbali na karibu kila anachokitamani. Bia yenyewe haikosekani mjini kwetu. Kampuni ya Bia Tanzania ina kiwanda hapa, Kampuni ya Bia ya Serengeti nayo ina chake, na Balimi imekuwa bia ya Kanda ya Ziwa kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyeji akiikosa baa hujiuliza kama bado yuko mkoa wake. Lakini anayetaka bia nyeusi nzito aina ya stauti iliyolazwa kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi wiski, au bia chachu ya Brussels, au IPA ya California, yaani bia chungu yenye harufu kali ya maua ya hopsi, hana duka la kuingia na kuchagua. Hununua kutoka kwa watu na kupitia watu, na mara nyingi hutoa bia ili apewe bia. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa na nimetumia fedha nyingi kuliko nilivyokuwa tayari kuzitaja nyumbani mpaka nilipoulizwa. Ninayemwandikia ni yule anayetaka kuanza na ambaye, kama wengi wetu, atadhani swali la kwanza ni bia hiyo ni adimu kiasi gani, wakati swali linalookoa fedha ni bia hiyo imesafiri vipi hadi ilipo.

Swali hilo lilinijia kwa urahisi kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa katika udhibiti wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na kwa mfanyakazi wa kitengo hicho kipimajoto ni kama kalamu kwa mwalimu. Minofu iliyotoka kwetu ikiwa safi kabisa ingeweza kufika Ulaya ikiwa haifai, si kwa sababu ya mvuvi wala mkata minofu, bali kwa sababu ya saa chache ambazo boksi lilisahauliwa juani uwanjani. Mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Ghent, Ubelgiji, ndiye aliyenionjesha Westmalle Tripel, bia ya watawa yenye kilevi cha asilimia 9.5. Nilikuwa nimezoea kunywa bia ya baridi kwa ajili ya kukata kiu. Hii ilininywesha polepole, na kesho yake nilikuwa bado naifikiria. Basi nikaanza kuuliza zinapatikana wapi, na hapo ndipo gharama zilipoanza.

Chanzo cha karibu kilikuwa Nairobi. Kenya ina viwanda vidogo kama Bateleur na 254 Brewing Company, Kampala kuna Banange, na Dar es Salaam kuna Crafty Dee's. Kutoka Mwanza njia ya Nairobi hupita Tarime na mpaka wa Sirari, kisha Kisii na Narok, na mwenye ndugu au rafiki anayesafiri kwa basi anaweza kumwagiza. Nilichokuja kugundua mapema ni kwamba sehemu kubwa ya bia za viwanda hivi huuzwa kutoka kwenye bomba la baa, si kwenye chupa. Baadhi ya baa hukujazia chupa kubwa ya kubeba nyumbani, nayo inavutia sana machoni, lakini bia iliyojazwa hivyo huanza kupoteza gesi na harufu mara tu inapotoka bombani, na inafaa kunywewa ndani ya siku chache ikiwa kwenye baridi. Basi la usiku lenye buti linalopata joto la injini si mahali pake. Tangu nilipopokea chupa ya namna hiyo ikiwa imenywea kama togwa ya juzi, agizo langu kwa msafiri limekuwa moja: chupa au kopo lililofungwa kiwandani, lenye tarehe, na libebwe ndani ya basi miguuni pake, si kwenye buti.

Wakati huohuo tulijikusanya, wachache wa Mwanza, Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, katika kundi la WhatsApp. Wapo madaktari, mafundi wa migodini, mwendesha hoteli mmoja, na mama mmoja mfanyabiashara wa Musoma ambaye ulimi wake haukosei. Ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali pengi, kwamba sifa ya bia husafiri kwa kasi kuliko bia yenyewe, na watu wengi hunywa sifa.

Mfano wake ulikuwa mchungu. Mtu mmoja aliyekuwa Marekani alimletea mwenzetu wa Dar es Salaam makopo ya IPA ya jina kubwa, nami nikanunua manne kati yake. Nikijumlisha bei, usafiri wa kutoka Dar es Salaam na kilichotozwa njiani, nililipa karibu shilingi 120,000, fedha ambayo hapa Kirumba ingenunua kreti mbili za bia na chenji ikabaki. Tulikutana nyumbani kwangu, tukafungua kwa heshima zote, na mtu wa kwanza kuonja akasifu harufu ya machungwa na misonobari. Mama wa Musoma akanusa, akanywa kidogo, akaweka glasi chini. "Kaka, hii inanukia kadibodi iliyonyeshewa," alisema. Alikuwa sahihi. Tulipogeuza kopo tukasoma tarehe ya kufungwa, tukakuta lina umri wa zaidi ya miezi saba, na sehemu ya miezi hiyo lilikuwa stoo ya nyumba ya Dar es Salaam wakati wa joto.

Inafaa kueleza kinachotokea, kwa kuwa ndicho kinachoamua thamani ya karibu kila bia inayokuja kwetu. Harufu inayofanya IPA itafutwe hutoka kwenye maua ya hopsi, na mafuta ya maua hayo ni mepesi, hupotea haraka. Oksijeni kidogo iliyobaki ndani ya kopo huendelea kuila bia, na joto huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji wana kanuni ya kukadiria isemayo kwamba siku 3 kwenye joto la nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22 na siku 300 kwenye nyuzi 3 za sentigredi huichosha bia kwa kiasi kinachokaribiana. Si sheria ya maabara, ni kipimo cha mkono, lakini kwa mtu wa Mwanza kipimo hicho kinatosha kutisha, maana chumba chenye paa la bati lisilo na dari kinaweza kuipa bia uzee wa mwezi mzima kwa mwisho wa juma mmoja. Mwanga nao una hila yake: ukikutana na dutu za uchungu za hopsi huzaa harufu inayofanana na ya kicheche, na chupa ya kijani au isiyo na rangi haiizuii kama inavyoizuia ya kahawia. Kopo halina tatizo hilo la mwanga hata kidogo.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kutuma fedha naomba picha ya kitako cha kopo au shingo ya chupa pale palipoandikwa tarehe, na nauliza imewekwa wapi tangu iliponunuliwa. Muuzaji mwaminifu hujibu kwa sentensi mbili. Anayejibu kwa kunitumia alama za nyota ambazo bia hiyo imepewa na watu mtandaoni, namwacha. Na nimeacha kabisa kuagiza IPA kutoka ng'ambo, hata ile Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist kule Vermont ambayo niliisoma kwa hamu miaka mingi. Kuna mengine ambayo hata kuyawazia ni kujitesa: Pliny the Younger ya Russian River hutolewa kwa majuma machache tu kwa mwaka, na watu hupanga foleni kwa saa nyingi huko California ili wainywe ikiwa mbichi. Bia iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywewa mlangoni pa kiwanda, mtu akiniletea hapa Capripoint baada ya miezi minne, hatakuwa ameniletea bia hiyo bali jina lake.

Zipo bia zinazovumilia safari, na juhudi zangu nimezielekeza huko. Bia nyeusi nzito za Ubelgiji, kama Rochefort 10 yenye kilevi cha asilimia 11.3, huweza kukaa miaka zikiwa mahali pa baridi na giza. Stauti kali za kilevi cha asilimia kumi na zaidi nazo huvumilia, ingawa si zote huwa bora kwa kuzeeka kama wauzaji wanavyodai. Orval, ya asilimia 6.2, hubadilika ndani ya chupa kwa sababu ya aina ya hamira inayowekwa mwishoni, hivyo ile ya miezi mitatu na ile ya mwaka mmoja ni vinywaji viwili, na kwa mtu anayeipokea ikiwa imeshakaa njiani hilo ni faida. Kisha kuna bia chachu za lambiki, zinazochachushwa na hamira ya hewani. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 katika eneo la Anderlecht mjini Brussels, hupoza maji ya kimea usiku kucha kwenye sinia kubwa la wazi ili hamira iliyomo hewani iingie yenyewe, na kazi hiyo hufanyika miezi ya baridi pekee. Usiku wa Mwanza haujapata kuwa na baridi ya namna hiyo, kwa hiyo anayedhani siku moja tutaiga hapa ajiandae kununua jokofu la ukubwa wa nyumba.

Sasa nije kwenye kubadilishana, ambako ndiko nilikojifunza mengi zaidi. Yule mwenzetu wa Ghent aliniunganisha na Mbelgiji mmoja anayekusanya bia za Afrika, na mtu huyo alinishangaza kwa alichokitaka. Sisi tulijiona maskini wa bia, yeye alituona matajiri. Alitaka Balimi kwa sababu haipati kwao, alitaka Raha ya Arusha inayotengenezwa kwa ndizi na Banana Investments, na aliomba Chibuku. Hiyo ya mwisho nilimkatalia: Chibuku huendelea kuchacha ndani ya pakiti yake, na kuiweka kwenye sanduku la nguo la abiria wa ndege ni kumtafutia mtu wa watu ugomvi na mkewe. Aliposikia habari za rubisi, pombe ya ndizi ya Kagera, aliuliza kama inaweza kutumwa, na rafiki yetu wa Bukoba alicheka hadi akatoka nje, kwa kuwa rubisi haina subira hata ya kungoja meli.

Ugumu ulikuwa katika kupima. Chupa ya Raha hapa ni fedha kidogo sana. Chupa ya Cantillon ni euro nyingi, na kwa walanguzi ni zaidi. Tukibadilishana chupa kwa chupa, ningekuwa namwibia. Tukibadilishana kwa bei ya dukani, ningelazimika kumtumia shehena. Tulikubaliana kuhesabu vitu vitatu: bei halisi iliyolipwa na kila mmoja, gharama ya kuifikisha, na usumbufu wa kuitafuta. Hicho cha tatu hakina risiti, kwa hiyo tulikiacha kwenye nyongeza, yaani kila anayetuma huongeza kitu ambacho hakikuombwa. Mimi niliongeza vizibo na lebo za bia ambazo hazitengenezwi tena, nilizozipata kwa mzee mmoja mwenye baa ya zamani. Yeye aliongeza glasi. Nimekuja kuona kwamba nyongeza ndiyo inayomtambulisha mtu. Anayetuma kilichoandikwa tu, kwa idadi ileile, si mwizi, lakini huwa ni wa mara moja.

Kuhusu bei za walanguzi nina msimamo usiowapendeza wenzangu wote. Watu wa ziwani tumeona jinsi bei ya mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, inavyopanda kwa sababu mtu wa mbali anayataka, bila sisi wenyewe kuyala, na bia adimu huenda hivyohivyo: bei yake hueleza tamaa ya watu na haielezi ladha. Watawa wa Saint-Sixtus huko Ubelgiji, wanaotengeneza Westvleteren 12, huuza bia yao kwa kuagiza mapema, na kwa miaka mingi mnunuzi alitakiwa kupiga simu, kutaja namba ya gari lake na kuifuata mwenyewe mlangoni, mpaka mwaka 2019 walipoanzisha mfumo wa kuagiza mtandaoni. Mnunuzi anaombwa asiiuze tena. Pamoja na ombi hilo, imejaa madukani kwa bei ya mara kadhaa ya ile ya mlangoni. Mimi hubadilishana, lakini bia ambayo mtengenezaji wake ameomba isiuzwe siinunui kwa mlanguzi, na hilo limenikosesha chupa ambazo wengine wanazo.

Westvleteren niliipata kwa kubadilishana na yule Mbelgiji, na ikawa sababu ya jioni moja yenye ubishi mkubwa. Kwa muda mrefu chupa zake hazikuwa na lebo, maelezo yote yakiwa kwenye kizibo, na cha namba 12 ni cha njano. Nilijua pia kwamba tangu mwaka 1946 hadi 1992 watawa hao walikipa kiwanda cha jirani, ambacho leo ni St. Bernardus cha Watou, ruhusa ya kutengeneza bia kwa jina lao, na kwamba Abt 12 ya St. Bernardus inatokana na historia hiyo na inapatikana kwa urahisi zaidi. Tulimimina zote mbili kwenye glasi zisizo na alama. Niliitambua Westvleteren, kwa kuwa ilikuwa kavu kidogo mwishoni, na mama wa Musoma naye aliitambua. Lakini tulipoulizana kama tofauti ile inastahili mambo yote niliyoyafanya ili kuipata, sikuwa na jibu la kujivunia. Mwenye hoteli alisema hizo ni bia mbili tofauti na kuzilinganisha ni utovu wa adabu. Tangu siku hiyo natafuta Abt 12, na sijaomba Westvleteren nyingine.

Usafirishaji una sheria zake, na hapa naomba msomaji awe makini kuliko wengi wetu tulivyokuwa. Posta ya Marekani hairuhusu vileo kwenye barua na vifurushi vyake, na kampuni binafsi kubwa za huko hupokea vileo kutoka kwa wenye leseni tu, kwa hiyo mtu anayekuahidi kukutumia boksi kwa kuandika kwamba ni mchuzi wa nyanya anakuingiza katika uongo ambao ukigundulika utapoteza bia na fedha, na hutakuwa na pa kulalamika. Njia yetu ni msafiri. Bia yenye kilevi kisichozidi asilimia 24 haihesabiwi kuwa bidhaa ya hatari kwenye ndege, ila lazima iende kwenye mzigo wa chini, maana katika viwanja vingi vya ndege kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakipiti na abiria. Chupa moja ya sentilita 33 ikiwa imejaa ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, hivyo dazeni moja inakula karibu kilo saba za mzigo wa mwenzako, na ni haki kumlipia sehemu hiyo badala ya kumwambia "ni vichupa vichache tu, shemeji."

Kwenye forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe msafiri aliyefikisha miaka 18 ushuru wa lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Bia haikutajwa humo. Tunachofanya ni kumwambia msafiri wetu atamke alichobeba na tumpe fedha ya ushuru mapema, ili asisimame pale uwanjani akipiga simu huku wenzake wanatoka. Na kwa anayewaza kuzigeuza kuwa biashara, akumbuke kwamba kuuza vileo nchini kunahitaji leseni, na Mamlaka ya Mapato imeanzisha stempu za kodi za kielektroniki kwa bidhaa kama hizi. Kubadilishana chupa na rafiki sebuleni ni jambo moja. Kutangaza bei kwa wageni ni jambo jingine kabisa.

Kufunga boksi ndiko ambako kazi ya samaki ilinilipa. Maboksi meupe ya foamu tunayosafirishia minofu huzuia joto na kunyonya mshtuko, na yaliyotumika yakioshwa vizuri kwa maji ya chumvi na limau na kukaushwa juani hayabaki na harufu. Kila chupa naifunga kizibo kwa utepe wa plastiki, naitia kwenye mfuko wake peke yake ili ikivuja isiharibu lebo za wenzake, naiviringishia karatasi zenye mapovu, kisha naisimamisha bila kugusana na jirani yake. Nikishafunga, natikisa boksi. Nikisikia sauti yoyote, nafungua na kuanza upya. Barafu siweki, kwa sababu huyeyuka na kulowanisha kadibodi ya nje. Bia naipoza kwanza usiku mzima, na foamu hufanya iliyobaki.

Ikifika nyumbani kuna suala la kuihifadhi, na kwa Mwanza adui ni joto na umeme unaokatika. Chupa zangu husimama wima, ili machicha ya hamira yatulie chini na kizibo kisikae kwenye bia, ndani ya friza ya zamani niliyoifungia kidhibiti joto kwa fundi wa Mabatini ili ikae kwenye nyuzi kumi na mbili hivi. Umeme ukikatika siifungui, na baridi hukaa humo karibu siku nzima. Asiye na friza ya ziada atafute chumba cha ndani chenye dari, ukuta usiopigwa na jua la mchana, na aweke chupa sakafuni ndani ya boksi la foamu lenye mfuniko. Juu ya kabati la jikoni, mahali ambapo watu wengi hupanga chupa zao ili wageni wazione, ndipo pabaya kuliko pote.

Mama watoto ndiye aliyeniwekea mpaka wa fedha. Alikuta ujumbe wa malipo kwenye simu, akaniuliza kwa utulivu ambao sikuupenda, nami nikamwonyesha hesabu yote. Hakunikataza. Alisema fedha hiyo itoke kwenye kibubu kimoja kinachojazwa mwanzo wa mwezi, na kikiisha kimeisha. Nilikasirika kwa juma zima, kisha nikagundua kwamba kibubu kinanifanya nikatae makopo ya wasiwasi bila kujieleza kwa mtu. Alisema pia jambo la pili, ambalo kila mwenye wageni nyumbani alizingatie: chupa ya sentilita 33 yenye asilimia 11 ina kilevi kinachozidi kidogo cha bia mbili za kawaida za ujazo huohuo, kwa hiyo mgeni anayesema amekunywa tatu tu asipewe ufunguo wa gari wala wa pikipiki.

Imebaki habari ya uaminifu. Mtu mmoja wa mji mwingine alijitokeza kundini na picha nzuri za stauti zilizofungwa vizibo kwa lakiri nyekundu. Wenzetu wawili walimtumia fedha kwa simu, na hawajaona chupa wala jibu. Picha zilikuwa za mtu mwingine. Tulichobadilisha baadaye ni kidogo lakini kimefaa. Mgeni hutanguliza yeye kutuma, na mwenyeji hutuma akishapokea, kwa kuwa mali kauli hupewa anayefahamika. Picha ya chupa iwe na kipande cha karatasi chenye jina la anayeomba na tarehe ya siku hiyo, iliyoandikwa kwa mkono. Badilishano la kwanza liwe la chupa moja au mbili za bei ya kawaida, hata kama mgeni ana hazina, na mgeni ataje watu wawili waliowahi kubadilishana naye, ambao tutazungumza nao kwa simu, si kwa ujumbe.

Na kwa kuwa kuvunjika kumewahi kutugombanisha kuliko wizi, hilo nalo tumeliandika. Boksi moja lililotoka Arusha lilifika stendi ya Nyegezi likinuka bia tangu mlangoni, na mtumaji na mpokeaji hawakusemeshana kwa miezi. Sasa kila mtumaji hupiga picha ya boksi likiwa wazi na chupa zikiwa zimeviringishwa, kabla hajalifunga. Chupa ikivunjika njiani, hasara ni yake ikiwa picha inaonyesha alifunga ovyo, na ni nusu kwa nusu ikiwa alifunga inavyotakiwa. Asiye na picha hulipa yote.